Dakika 30 Kati ya Beijing na Tianjin: Reli Iliyoamuliwa na Stesheni Zake

Tarehe 1 Agosti 2008, wiki moja kabla ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa Beijing, reli mpya ya kuunganisha mji huo na Tianjin ilianza kubeba abiria. Ina urefu wa karibu kilomita 120. Treni ya haraka ya wakati ule ilikuwa ikiutembea mwendo huo kwa takriban dakika 70. Treni mpya iliutembea kwa nusu saa, ikifika kasi ya kilomita 350 kwa saa. Hapakuwa na treni nyingine ya magurudumu duniani iliyokuwa ikibeba abiria kila siku kwa kasi hiyo.

Tangu hapo, kila anayeitaja reli hii huanza na hiyo 350. Nadhani namba hiyo imetufunika macho. Reli inayounganisha miji miwili iliyo karibu haifanyi kazi sawa na reli ya kutoka Beijing hadi Shanghai. Chukua safari ya mtu wa kawaida, kuanzia mlango wa nyumba yake hadi mlango wa ofisi anakokwenda: ile nusu saa ya kwenye treni ni kipande tu. Muda mwingine unaliwa na njia ya kufika stesheni, ukaguzi wa mizigo, kungoja, kisha kutoka stesheni ya pili kuingia mjini. Ukiisoma kwa macho hayo historia ya reli ya Beijing–Tianjin, utaona kwamba mafanikio yake na matatizo yake vilitokea zaidi kwenye ncha mbili za njia na kwenye daftari la mkopo. Huko ndiko nataka tukae muda mrefu.

Stesheni nje ya ukuta

Miji hii ilianza kuunganishwa kwa reli zamani sana. Mwaka 1881 kilijengwa kipande cha karibu kilomita 10 cha kubebea makaa ya mawe, kutoka Tangshan hadi Xugezhuang. Kikarefushwa hadi Tianjin mwaka 1888, na mwaka 1897 reli ikafika Majiapu, kusini mwa Beijing.

Majiapu kulikuwa nje ya kuta za mji. Utawala wa Qing haukutaka garimoshi lipenye ndani, kwa hiyo abiria aliyetoka Tianjin kwa chombo cha kisasa kuliko vyote nchini alishushwa mashambani, akabaki na kilomita kadhaa za vumbi za kumalizia kwa mkokoteni. Shida hiyo ilionekana haraka. Mwaka 1899 kampuni ya Kijerumani ya Siemens ilijenga tramu ya umeme kutoka Majiapu hadi lango la Yongdingmen, tramu ya kwanza nchini China, kwa kazi hiyo moja tu ya kumtoa abiria wa garimoshi alikoshushwa na kumfikisha mjini. Haikudumu. Mwaka uliofuata ilibomolewa katika vurugu za vuguvugu la Boxer lililopinga wageni, pamoja na sehemu kubwa ya reli yenyewe. Majeshi ya kigeni yaliyoikalia Beijing baada ya hapo ndiyo yaliyotoboa ukuta na kuingiza reli ndani, hadi karibu na lango la Qianmen.

Nimeirudia habari hii ya zamani kwa sababu stesheni ya Beijing Kusini, inakoanzia reli mpya, iko katika eneo lile lile la kusini, si mbali na Yongdingmen. Na shida ya 1897 ilijitokeza tena mwaka 2008, kama tutakavyoona.

Kwa nini miji hii, na kwa nini haraka hivyo

Beijing ni mji wa serikali, vyuo vikuu na makao makuu ya mashirika. Tianjin ni mji wa viwanda na bandari, mlango wa Beijing kwenda Ghuba ya Bohai. Mwaka 2008 Beijing ilikuwa na watu zaidi ya milioni 16 na Tianjin zaidi ya milioni 11. Barabara ya kasi ya kuunganisha Beijing, Tianjin na eneo la bandari la Tanggu ilikuwa imekamilika tangu 1993, lakini magari yaliongezeka, na reli ya kawaida ilikuwa imebeba kila kitu kwa pamoja: mizigo, treni za masafa marefu kwenda Shanghai na kaskazini-mashariki, na hawa wasafiri wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Mtu wa safari fupi ndiye aliyekuwa wa mwisho kupewa nafasi.

Januari 2004 Baraza la Taifa la China liliidhinisha mpango wa muda mrefu wa reli. Ndani yake kulikuwa na njia maalumu za abiria, zilizotengwa na za mizigo, pamoja na reli za mikoa katika maeneo yenye miji iliyosongamana: ukanda wa Bohai, delta ya mto Yangtze na delta ya mto Lulu. Njia ya Beijing–Tianjin ndiyo iliyotangulia kumalizika. Ujenzi ulianza tarehe 4 Julai 2005 na tarehe ya mwisho haikuweza kusogezwa, kwa sababu Olimpiki haisogei, na Tianjin yenyewe ilikuwa imepangiwa mechi za mpira wa miguu. Miaka mitatu na wiki chache kwa kitu ambacho nchi haikuwahi kukijenga.

Ardhi inayodidimia

Hapa wahandisi walikuwa na kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwenye picha. Kati ya Beijing na Tianjin hakuna milima wala mito mikubwa ya kuvuka. Ni tambarare tupu, na mtu angetarajia reli ilazwe juu ya tuta la udongo, basi. Badala yake karibu kilomita 100 za njia ziko juu ya madaraja, nguzo baada ya nguzo, katikati ya mashamba makavu.

Sababu ya kwanza iko chini ya miguu. Tambarare ya Kaskazini mwa China ni udongo laini uliorundikwa na mito, na kwa miongo mingi miji, viwanda na mashamba yamekuwa yakivuta maji ya ardhini kupita kiasi. Maji yakitoka, tabaka za udongo zinashikana na ardhi inashuka. Katika baadhi ya maeneo ya mashariki ya Beijing, vipimo vya satelaiti vilionyesha ardhi ikishuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Sasa linganisha na masharti ya reli ya aina hii: baada ya ujenzi, msingi unaruhusiwa kushuka kwa milimita 15 tu. Eneo zima likishuka pamoja, treni haitahisi kitu. Hatari ni pale nguzo moja inaposhuka na jirani yake ikabaki. Ndiyo maana nguzo zilisimamishwa juu ya misingi iliyochimbiwa makumi ya mita kwenda chini, kutafuta tabaka lililotulia zaidi.

Sababu ya pili ni ardhi kama mali. Tuta la udongo hutanuka upande na upande, na hulikata shamba vipande viwili. Daraja linahitaji nafasi ya nguzo tu, na mkulima wa Langfang au Wuqing, kati ya miji hii miwili, anaendelea kupita chini yake na trekta. Katika nchi inayolinda ardhi ya kilimo kwa sheria kali, na ambako kumhamisha kila mwanakijiji kuna fidia na mivutano yake, daraja ghali linaweza kuwa nafuu ukijumlisha yote. Wasomaji wengi hudhani madaraja haya ni ya kujionyesha. Mimi naona ndiyo uamuzi wa kihandisi uliofikiriwa vizuri kuliko yote katika mradi huu, na China imeurudia kwenye maelfu ya kilomita zilizofuata.

Namna yalivyojengwa ndiyo iliyookoa muda. Boriti moja ya zege ya mita 32, yenye upana wa kubeba njia zote mbili, ina uzito wa kama tani 900. Zilisubiwa kwenye viwanja vilivyojengwa kando ya njia, zote kwa kalibu moja, bila kubadilisha muundo kutoka daraja hadi daraja. Boriti ikishakomaa inapakiwa kwenye gari lenye magurudumu mengi, linalopita juu ya boriti zilizokwisha kuwekwa, hadi kwenye pengo linalofuata. Huko mtambo wa kubandika unaipokea, unaisukuma mbele na kuishusha juu ya nguzo. Kisha gari linarudi kuchukua nyingine. Njia inajijenga ikikanyaga migongo yake yenyewe, na barabara za vijijini hazihitaji kubeba tani hizo hata siku moja.

Juu ya boriti hakuna kokoto wala mataruma ya kawaida. Kuna mabamba ya zege, kila moja likiwa na urefu wa mita 6.45, upana wa mita 2.55 na unene wa sentimita 20. Teknolojia ilitoka kwa kampuni ya Kijerumani ya Bögl. Kila bamba lilihesabiwa mahali pake kabla halijatoka kiwandani: mashine ya kusaga inayoongozwa na kompyuta ililichonga mahali pa kukalia reli kulingana na kona na mwinuko wa sehemu hiyo hiyo ya njia, likapewa namba yake. Bamba la kilomita ya 40 huwezi kuliweka kilomita ya 41. Likifika linapimwa, linainuliwa kwa skrubu hadi usawa utimie, kisha mchanganyiko wa saruji na lami unamiminwa chini yake ili lishike. Halafu linaungwa na jirani zake, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa njia.

Muungano huo una gharama yake. Zege ndefu isiyo na nafasi ya kutanuka husukumana wakati wa joto, na kwenye mabamba ya aina hii viungio vimekuwa vikipata nyufa, au bamba kuinuka, katika siku za jua kali, hivyo mafundi wanalazimika kuyafuatilia kila kiangazi. China baadaye ilibuni aina yake nyingine ambayo mabamba yake yanakaa kila moja peke yake, ikaanza kuitumia kwenye njia ya Chengdu–Dujiangyan iliyofunguliwa 2010.

Treni zenyewe

Treni za CRH3 zilizozindua njia zilitokana na Velaro ya Siemens. Kampuni hiyo ilikosa zabuni ya 2004 baada ya kushindwa kuelewana na Wachina kuhusu bei, ikarudi Novemba 2005 na mkataba wa treni 60 zenye mabehewa manane kila moja. Tatu zilijengwa Ujerumani; zilizobaki ziliundwa Tangshan, mji ule ule wa reli ya makaa ya 1881. Mkataba uliambatana na kukabidhi ujuzi, na ndio ulioifikisha China mahali pa kujitengenezea treni zake. Katika majaribio ya tarehe 24 Juni 2008 moja ilifika kilomita 394.3 kwa saa. Mfumo wa ishara, ambao nao ulitokana na ule wa Ulaya, uliundwa ili treni ziweze kufuatana kwa tofauti ya dakika 3.

Hiyo 3 ndiyo namba ninayoithamini. Treni ya masafa marefu unaipangia siku, ukiikosa, umeharibikiwa. Reli ya miji jirani inatakiwa iwe kitu ambacho mtu anakiendea tu, akijua kwamba akiikosa hii ijayo haiko mbali. Ikibidi kungoja saa nzima, ile nusu saa ya njiani haina faida. Beijing–Tianjin iliendeshwa hivyo tangu mwanzo, treni nyingi fupi zikifuatana badala ya chache ndefu, na kwa maoni yangu huo ndio ulioufanya mstari huu kuwa wa watu wa kawaida na si wa maonyesho ya Olimpiki.

Mwaka mzima bila metro

Sasa turudi kwenye ncha. Beijing Kusini ilivunjwa na kujengwa upya na kufunguliwa siku moja na reli. Ilibuniwa na ofisi ya mbunifu Mwingereza Terry Farrell pamoja na taasisi ya Kichina ya usanifu wa reli: jengo la duara lililorefuka, paa lake limeshuka kwa ngazi kuigiza paa la Hekalu la Mbinguni lililo jirani. Ni jengo la kupendeza, na ndani yake lina nafasi iliyopangwa kwa metro chini ya majukwaa.

Ila metro haikuwepo. Mstari wa 4 wa metro ya Beijing, unaopita chini ya stesheni hiyo, ulifunguliwa tarehe 28 Septemba 2009. Kwa karibu miezi kumi na minne abiria wa treni ya magurudumu iliyokuwa na kasi kuliko zote duniani alipanda ngazi za stesheni mpya akaenda kusimama kwenye foleni ya teksi au basi. Mtu wa Zhongguancun, kaskazini-magharibi mwa Beijing kwenye vyuo na kampuni za kompyuta, aliweza kutumia muda mrefu zaidi kuvuka mji wake mwenyewe kuliko kwenda mji mwingine. Ukikumbuka Majiapu na tramu yake ya 1899, unaona jambo lile lile: reli ilitangulia, njia ya kumfikisha abiria mjini ikaja baadaye.

Mstari wa 4 ulipofunguliwa ulibadilisha mambo kweli, kwa sababu unakwenda moja kwa moja kutoka Beijing Kusini hadi Zhongguancun na Chuo Kikuu cha Beijing, bila kubadilisha treni. Hakuna aliyetangaza kwamba reli ya Tianjin imepata kasi mpya siku hiyo, lakini kwa maelfu ya watu safari ilipungua kuliko ambavyo treni yoyote ingeweza kuipunguza.

Upande wa Tianjin bahati ilikuwa tofauti. Stesheni iko katikati ya mji, kwenye ukingo wa mto Hai, mahali ambapo reli imekuwa tangu karne ya 19. Ukitoka nje umefika. Ndiyo faida ya kukarabati stesheni kongwe badala ya kuhamia shambani ambako ardhi ni rahisi. Hata hivyo metro ya uhakika ilifika hapo mwaka 2012, mistari yake ilipokamilika.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi. Reli ya SGR ya kilomita 472 kutoka Mombasa, iliyojengwa na kampuni ya Kichina na kufunguliwa 2017, ina stesheni yake ya Nairobi huko Syokimau, na abiria anahitaji treni nyingine au gari kufika katikati ya jiji. Mombasa nako stesheni iko Miritini. Kwa safari ya saa tano hivi, kero hiyo inavumilika. Kwa safari ya nusu saa ingeua reli.

Dakika tano zilizoondolewa

Tarehe 23 Julai 2011 treni mbili ziligongana karibu na Wenzhou, kwenye njia nyingine kabisa, watu 40 wakafariki. Miezi michache kabla, Februari, waziri wa reli Liu Zhijun, aliyesukuma ujenzi wote huu kwa kasi, alikuwa ameondolewa kazini kwa tuhuma za rushwa. Mwaka 2013 alihukumiwa kifo, hukumu ikiwa imeahirishwa, na wizara yake ikavunjwa mwaka huo huo. Baada ya Wenzhou serikali iliamuru treni za kasi zipunguze mwendo nchi nzima. Agosti 2011 Beijing–Tianjin ikashuka kutoka 350 hadi 300.

Safari ikaongezeka kwa kama dakika tano. Hali hiyo ilidumu miaka saba, hadi tarehe 8 Agosti 2018, miaka kumi tangu Olimpiki, 350 iliporudishwa kwa treni mpya za Fuxing zilizobuniwa China.

Ni nadra kupata jaribio safi namna hii. Njia ile ile, stesheni zile zile, nauli karibu ile ile, kasi pungufu. Abiria hawakukimbia. Kufikia 2018 reli ilikuwa imebeba watu milioni 250 katika miaka kumi, na wastani wa miaka ile nane ya mwisho, ambayo karibu yote iliendeshwa kwa 300, uko juu ya miaka miwili ya mwanzo iliyoendeshwa kwa 350. Metro za pande zote mbili zilikuwa zimekamilika, miji ilikuwa imekua, watu walikuwa wamezoea. Dakika tano za njiani zilimezwa na hayo yote.

Sisemi kasi haina maana. Kutoka dakika 70 hadi 35 ni jambo kubwa sana; linamruhusu mtu kufanya kazi mji mmoja na kulala mwingine. Lakini kutoka 35 hadi 30 ni jambo dogo, na gharama yake ya umeme na uchakavu wa vyuma ni kubwa, kwa kuwa upinzani wa hewa hupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Kama ningeulizwa mwaka 2005, na kama Olimpiki isingekuwapo, ningependa sehemu ya fedha hizo ziende kwenye kuuwahisha Mstari wa 4.

Hesabu ya mkopo

Makadirio ya mwanzo yalikuwa yuani bilioni 12.3. Reli ilikamilika kwa karibu bilioni 21.5. Ukigawa kwa urefu wake, kila kilomita iligharimu karibu yuani milioni 180, ghali kuliko nyingi zilizofuata za kasi hiyo hiyo. Wenye hisa walikuwa Wizara ya Reli, serikali za miji ya Tianjin na Beijing, na shirika la taifa la mafuta ya baharini, lenye shughuli zake katika Ghuba ya Bohai. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa mkopo.

Nauli ya daraja la pili ilipangwa yuani 58, la kwanza 69. Mwaka wa kwanza walisafiri watu milioni 18.7, na mapato yalikuwa karibu yuani bilioni 1.1. Kuendesha treni, kulipa umeme, wafanyakazi na matengenezo kuligharimu karibu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kama jambo la usafiri, reli ilikaribia kujilipia tangu mwaka wa kwanza, na hilo si haba. Ila juu yake kulikuwa na riba ya karibu milioni 600. Mwaka wa pili abiria walifika milioni 22.3, na bado haikutosha. Ili ilipe gharama na riba, ilikadiriwa kuhitaji abiria zaidi ya milioni 30 kwa mwaka. Ili ianze kurudisha mkopo wenyewe, zaidi ya milioni 40.

Kupandisha nauli halikuwa jambo jepesi. Safari fupi ina washindani wengi kuliko ndefu. Anayekwenda Shanghai analinganisha treni na ndege. Anayekwenda Tianjin analinganisha na basi, na gari la rafiki, na kuahirisha safari. Ndege ikichelewa hasira inampeleka mtu kwenye treni, lakini basi la rahisi halina haja ya kuwa bora, linahitaji kuwa rahisi tu. Hapo ndipo reli za mikoa zinapobanwa: kujenga kilomita moja kunagharimu sawa na reli ya masafa marefu, ila kila abiria analipa kwa kilomita 120 tu.

Iliyoiokoa ni idadi ya watu. Ilipofika 2015 njia hii ilitajwa miongoni mwa njia sita za mwendokasi nchini zilizopata faida, nyingine zote zikiwa kwenye miji mikubwa ya mashariki na kusini. Miji miwili yenye jumla ya watu zaidi ya milioni 27, iliyo karibu hivi, ilihitaji miaka saba. Anayetaka kunakili mfano huu kwa miji yenye watu milioni moja moja aanzie kwenye hesabu hii kabla hajaagiza boriti.

Wuqing na Yujiapu

Njiani kuna kituo kinachonivutia kuliko miisho yote miwili. Wuqing ni wilaya ya Tianjin, na kabla ya reli haikuwa mahali ambapo mtu wa Beijing angekuwa na sababu ya kushuka. Mwaka 2011 hatua chache kutoka stesheni lilifunguliwa eneo la maduka ya punguzo, Florentia Village, lililojengwa kwa sura ya mji wa Italia, na watu wa Beijing wakaanza kuja mwishoni mwa wiki na kurudi na mifuko. Baadaye wakaja wa kuishi. Nyumba Wuqing ni nafuu kuliko Beijing kwa mbali, na safari ya treni hadi Beijing Kusini ni dakika ishirini na kitu. Asubuhi jukwaa linajaa watu wasiobeba masanduku, wana begi la mgongoni na simu, wanagusa kitambulisho kwenye geti na kupita. Kwao treni inayopita bila kusimama Wuqing ili kutunza ile nusu saa ya Beijing–Tianjin ni hasara, na hapa maslahi ya vituo vya kati na ya miisho yanagongana waziwazi: kila treni inayosimama inamchelewesha wa Tianjin kwa dakika kadhaa.

Upande wa bahari ilikuwa kinyume. Tarehe 20 Septemba 2015 reli ilirefushwa kilomita 45 hadi Yujiapu, eneo lililokusudiwa kuwa kitovu cha fedha cha Tianjin. Stesheni yake iko chini ya ardhi, imefunikwa kwa kuba la plastiki nyepesi inayopitisha mwanga, lenye umbo la kombe la baharini. Juu yake palikuwa na minara mingi mipya na watu wachache sana. Stesheni ilikuwa imejengwa kwa ajili ya mji ambao haujafika. Mwaka 2019 ilibadilishwa jina kuwa Binhai. Wuqing ilipata stesheni ya kawaida na watu wakaifuata kwa sababu walikuwa na haja ya nyumba; Yujiapu ilipata stesheni ya fahari ikangoja haja izaliwe.

Njia zilizofuata

Tangu 2014 serikali kuu inazungumzia Beijing, Tianjin na mkoa wa Hebei kama eneo moja la maendeleo, na reli ndiyo inayopewa kazi ya kuyashona. Njia ya kutoka Beijing hadi Xiong'an, mji mpya unaojengwa Hebei, ilifunguliwa Desemba 2020. Tarehe 30 Desemba 2022 zilifunguliwa mbili kwa mpigo: ya kwenda Tangshan, na kipande cha njia ya pili kati ya Beijing na Tianjin kinachochepuka Baodi.

Hizi mbili zilipangwa zianzie kwenye stesheni mpya kubwa ya chini ya ardhi huko Tongzhou, kituo kidogo cha utawala wa Beijing upande wa mashariki, ikiwa na metro chini ya paa moja. Siku ya ufunguzi kipande kilichokuwa tayari kilianzia Yanjiao, upande wa Hebei, na treni ziliingia Beijing kwa kupitia reli za zamani. Kule Tongzhou mafundi walikuwa bado wanajenga stesheni.